Othello wa Darlinghurst

Mwaka 2006 swali la insha la wanafunzi wa sekondari lilifika hadi kwa waziri mkuu wa Australia. Shule ilikuwa SCEGGS, ya wasichana, huko Darlinghurst, karibu na katikati ya jiji la Sydney. Wasichana wa ngazi inayolingana na kidato chetu cha tano walitakiwa kuichambua Othello ya Shakespeare kwa mikabala miwili kati ya mitatu: Umaksi, ufeministi na mbari. Magazeti yakalidaka. Waziri mkuu huyo, John Howard, naye akaingia uwanjani, akalalamika kwamba masomo ya fasihi yanachujuliwa na usasaleo. (Umaksi na usasaleo hawajawahi kuelewana, lakini wanasiasa hawasahihishiwi insha.)

Msomaji aliyepitia idara ya Kiswahili, iwe Dar es Salaam au Nairobi, atashangaa kelele zilikuwa za nini. Sisi tumezoea kumsoma Kezilahabi kwa ufeministi katika Rosa Mistika, na Shafi Adam Shafi kwa Umaksi katika Kasri ya Mwinyi Fuad. Na ugonjwa wa usomaji huu tunaujua: mwanafunzi anataja nadharia, anaorodhesha mihimili yake, kisha anaizunguka riwaya akiokota mfano mmoja kwa kila mhimili. Akimaliza, nadharia imethibitishwa, riwaya haijasomwa. Kwa hiyo linalofaa kuulizwa kuhusu swali la Darlinghurst ni la kiufundi: je, lilimpeleka mwanafunzi kwenye matini, au lilimpa njia ya kuikwepa?

Tulijaribu kwa kitu kidogo kuliko vyote katika tamthilia hiyo, leso iliyotariziwa stroberi. Desdemona, mke wa Othello, anaiangusha katika tendo la tatu. Emilia, mtumishi wake, anaiokota na kumpa mumewe Iago, aliyekuwa akiililia siku nyingi. Iago anaitupa chumbani kwa Cassio, na Cassio anampa mpenzi wake Bianca ili amnakilie tarizi ile.

Mkabala wa Umaksi utauliza nani anafanya kazi na nani anafaidi. Iago ni mshika bendera aliyerukwa cheo kikaenda kwa Cassio, msomi wa vita vya vitabuni. Bianca anatakiwa ashone, na ujira hautajwi. Si haba, ila ukibaki hapo unapata orodha ya wanyonge tu. Emilia ndiye anayeusumbua mkabala huu: anapoichukua mali ya bibi yake, haigeuzi iwe faida yake, anampelekea mume. Utumishi wake kwa Desdemona na unyumba wake kwa Iago vinavutana, na unyumba unashinda. Hapo Mmaksi hana budi kubisha hodi kwa jirani yake mfeministi, ambaye atamwonyesha Emilia wa tendo la nne akisema wazi kwamba wake nao wana hisia kama waume wao, na Emilia wa tendo la tano akiuawa na mumewe kwa kutoboa siri ya leso.

Lakini utajiri wenyewe uko kwingine. Othello anasimulia asili ya leso mara mbili, na masimulizi hayapatani. Katika tendo la tatu anamwambia mkewe kwamba Mmisri mmoja, mganga, alimpa mama yake. Leso ina uchawi, na mwanamke akiipoteza, mapenzi ya mume yanakwisha. Katika tendo la tano anasema baba yake ndiye aliyempa mama yake. Uchawi haupo tena.

Mkabala wa mbari una jibu zuri kwa simulizi la kwanza. Katika tendo la kwanza, Brabantio, baba yake Desdemona, alimshtaki Othello mbele ya wakuu wa Venice kwamba amemroga binti yake, naye akajitetea kuwa uchawi wake wote ulikuwa hadithi za maisha yake. Sasa, wivu ulipomshika, anamtisha mkewe kwa kitu kilekile alichokikana. Ameanza kusema kama yule mgeni wa kutisha aliyechorwa na Brabantio. Ila mkabala huo peke yake haulielezi simulizi la pili. Ufeministi unaingia hapa: katika simulizi la kwanza nguvu ya kumshika mume imo mikononi mwa mwanamke, na ilitoka kwa mganga ikapita kwa mama. Katika la pili, mume anatoa na mke anapokea. Na anamwambia nani hayo? Gratiano, bwana wa Venice, mbele ya maiti ya Desdemona. Mbele ya mashahidi wa Kizungu Othello anafuta Misri na kumrudisha baba mahali pake. Ukishika mkabala mmoja hulioni hili lote.

Kwa hiyo sharti la mikabala miwili ndilo lililokuwa na akili katika swali lile, na ndilo lililosahauliwa na waliokasirika.

Ugomvi wa namna hii, wa jinsi ya kusoma fasihi, si mgeni mjini Sydney. Mwaka 1963 Samuel Goldberg alitoka Melbourne kushika uprofesa wa fasihi ya Kiingereza Chuo Kikuu cha Sydney, akaja na usomaji wa mhakiki F. R. Leavis, unaopima kila kazi kwa uzito wake wa kimaadili. Idara ikagawanyika, Gerald Wilkes, profesa wa fasihi ya Australia, akawa upande wa pili. Mwaka 1966 Goldberg alikuwa amerudi Melbourne.

Mtihani wa mwisho wa sekondari wa New South Wales nao una moduli ya uhakiki, ambayo muhtasari wake unasisitiza mtazamo wa mwanafunzi mwenyewe, wenye ushahidi. Nia ni nzuri, ingawa mtazamo binafsi nao hukaririwa kama mihimili. Mimi ningebadilisha mpangilio wa swali la Darlinghurst: majina ya mikabala yasitajwe mwanzoni. Ningeuliza kwa nini Othello anasimulia asili ya leso mara mbili na anabadilisha nini, kisha, katika aya ya mwisho, mwanafunzi aseme ni mkabala upi uliomsaidia kulijibu na ni wapi ulipomwishia.