Likizo ya Sabato kwa Wachungaji: Ni Nani Apumzikaye?

Kitabu cha Eugene Peterson, The Contemplative Pastor (1989), kina simulizi la mwaka mzima ambao yeye na mkewe waliishi Montana, Marekani, wakiwa wameuacha kwa muda usharika wa Kipresbiteri alioanzisha Bel Air, Maryland, mwaka 1962. Wanafunzi wangu hulitaja simulizi hilo kila tunapojadili likizo ya sabato kwa wachungaji. Wana haki ya kulipenda. Mwandishi anakiri uchovu wake bila kujitetea, naye anaonyesha jambo ambalo sisi wachungaji hulikiri kwa shida: kwamba washarika waliweza kusimama bila yeye.

Hata hivyo liko swali ambalo simulizi hilo linalipita upesi. Mchungaji apumzikapo, ni nani mwingine apumzikaye?

Tukirejea Maandiko, mwaka wa saba haukuanza na kuhani. Mambo ya Walawi 25 yaanza na nchi: ndiyo inayoshika sabato kwa Bwana, na yale yajiotayo ni chakula cha mwenye shamba pamoja na mtumwa, kijakazi, mtu wa mshahara na mgeni. Kutoka 23:11 yamtaja maskini, na baada yake mnyama wa mwituni. Kumbukumbu la Torati 15 yaongeza maachilio ya madeni. Luther naye, aelezapo amri ya tatu katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, awakumbuka watumishi na vijakazi waliofanya kazi juma zima.

Sasa tuutazame usharika wa kijijini hapa Tanzania, wenye mitaa minne au mitano na mchungaji mmoja. Akiondoka kwa miezi sita, mahubiri, mafundisho ya kipaimara na mazishi humwangukia mwinjilisti, ambaye posho yake ni ndogo na ambaye hakuna aliyewahi kumtajia sabato. Na Meza ya Bwana je? Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 14, ladai wito halali kwa yeyote afundishaye hadharani au kuhudumu Sakramenti. Mwinjilisti asiyebarikiwa kuwa mchungaji hasimami mezani. Basi washarika hubaki na njaa katika mwaka ambao, kwa Maandiko, hata maskini alipaswa kula.

Nami si mtu wa kunyoosha kidole. Niliporuhusiwa kwenda masomoni nikiwa mchungaji wa usharika, niliiita miaka ile mapumziko (ingawa mitihani haipumzishi mtu). Mwinjilisti aliyebaki alizika watu, akasimamia shamba la usharika, kisha akaja kunipokea stendi na kunibebea sanduku la vitabu. Sikumwuliza habari za uchovu wake hata siku moja.

Kwa hiyo siipingi likizo ya sabato. Napinga kuipitisha katika kikao kinachomtazama mchungaji peke yake. Baraza la Wazee lianze kwa kupanga zamu za wachungaji wa sharika jirani kwa ajili ya Sakramenti, na mwinjilisti apewe mwezi wake kabla mchungaji hajafunga safari. Na kama fedha zatosha likizo moja tu, mimi ningemtanguliza mwinjilisti.