Ruvuma: Livingstone alikosea kupanga kikosi

Safari ya Machi 1861 mnaijua. Meli ya Pioneer iliingia mdomo wa Mto Ruvuma, ikapanda kama maili 30, maji yakaanza kupungua na meli yenyewe ilihitaji kina cha futi 5 badala ya 3 zilizotakiwa. Ikageuza. Hapo mpelelezi David Livingstone alifanya sawa.

Alikosea mapema zaidi, 1858, alipopanga kikosi cha msafara wake. Vipimo vya uga sumaku alimkabidhi mdogo wake, Charles, mchungaji aliyetokea Marekani, kisha akambebesha na kamera. Nimeshasema na nitasema tena: upimaji haugawiwi kwa undugu. Wa kumpa alikuwepo: John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea, mtu wa daftari na subira.

Tuangalie kazi yenyewe. Kusini mwa ikweta ya sumaku, kama hapa Mtwara, ncha ya kusini ya sindano ndiyo inayoinama. Kupata mwinamo kwa chombo cha zama zile, unasoma duara lake likitazama mashariki, unaligeuza magharibi, unaitoa sindano na kuirudisha kinyume. Halafu unaisugua kwa sumaku mpaka ncha zibadilishane, unaanza upya, ndipo utafute wastani. Ukiruka hatua moja, au ukisimama karibu na chuma cha injini, umeandika uongo wenye desimali. Kazi hiyo inataka mtu asiyefikiria jingine.

Na uga haumngoji mtu. Chuma kilichoyeyuka ndani ya dunia hutembea, na dira hukengeuka nacho. London mwaka 1580 sindano ilielekea digrii 11 mashariki ya kaskazini halisi. Mwaka 1634 mwanahisabati Gellibrand alikuta 4 tu. Kipimo cha 1861 kilichokosewa hakuna wa kukirudia.

Mlinganisheni Charles na Mreno João de Castro, mwaka 1538, njiani kwenda Goa. Sindano ilipoyumba karibu na Kisiwa cha Msumbiji hakuandika tu na kupita; alichunguza mpaka akabaini kuwa mzinga na vyuma vya jirani ndivyo vilivyoivuta. Wapimaji wa namna ile siku hizi wachache. Tumebaki na dira za simu, zinazotegemea modeli inayohuishwa kila miaka 5, na hakuna anayejiuliza nani alipima.

Kwa hiyo, wenye dhamana ya kupima mwambao huu: mpeni kazi anayeijua. Kosa la mwaka huu halisahihishiki mwakani, kwa kuwa uga utakuwa umeshahama.