Hema au Kibanda: Kuchagua Malazi Kilimanjaro

Ukichagua njia ya kupanda Kilimanjaro, umeshachagua na paa la kulalia. Marangu ndiyo njia pekee yenye vibanda: Mandara, Horombo na Kibo. Machame, Lemosho, Umbwe na Rongai ni njia za mahema. Wengi huangalia bei na idadi ya siku tu, na suala la malazi huwakuta wakiwa tayari mlimani.

Vibanda vya Mandara, kwenye mita 2,700 hivi, na Horombo, kama mita 3,700, ni vya mbao, paa zimeinama mpaka karibu na ardhi, na vingi vina vitanda vinne vinne. Ubora wake uanze kuupima mlangoni. Ufunge, kisha uweke kiganja kwenye upenyo: upepo ukikugusa saa kumi jioni, usiku utakutafuta kitandani. Kibo ni jengo la mawe, watu wengi chumba kimoja, na kuanzia saa tano usiku taa za kichwani zinawaka na mabegi yanaburutwa kwa safari ya kileleni. Usitegemee usingizi pale. Hata hivyo, wakati wa masika kibanda nakipa ushindi bila ubishi, maana hema likisimamishwa na kukunjwa mvuani siku tano mfululizo halikauki tena.

Miezi mingine yote nachagua hema, mradi liwe hema zuri. Hapo ndipo jicho linapohitajika. Kabla ya kuondoka Moshi huomba hema lisimamishwe uani. Baadhi ya kampuni huona usumbufu. Mimi husisitiza kwa adabu, kwa sababu wagumu, yaani wapagazi, watakaolibeba na mimi nitakayelala ndani yake ndio tutakaolipa kosa.

Kwanza mshono. Geuza tabaka la nje, upitishe kidole juu ya utepe uliobandikwa kuziba matundu ya sindano. Utepe mzima umelala kama sehemu ya kitambaa. Uliochoka umenyanyuka kingo, unabanduka kama ganda la kitunguu, na mara nyingi harufu ya uvundo inakufikia kabla hujauona. Hema hilo likatae, hata kama rangi yake inang'aa.

Kitambaa nacho kina tabia yake. Nailoni ni imara na nyepesi, lakini hunywa maji na kulegea. Ulilolikaza vizuri magharibi linaning'inia usiku wa manane, na kamba zinahitaji kukazwa upya. Poliesta hailegei hivyo, na huvumilia zaidi jua kali la juu. Lebo ikitaja milimita, isome: ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinaweza kuhimili kabla ya kuvuja. Paa la 1,500 linanitosha. Sakafu natafuta 3,000 au zaidi, kwa kuwa goti na kiwiko hukandamiza maji kuliko mvua inavyofanya.

Fito ziwe za aluminiamu. Fibaglasi ikivunjika hutoa vijiti vikali vinavyochana kitambaa.

Vigingi vyenyewe havinitishi sana. Kambi ya Barafu ni miamba mitupu, kwa hiyo muhimu ni kamba ndefu za kufunga kwenye mawe.

Lakini kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni nafasi kati ya tabaka mbili. Watu wawili wakipumua usiku kucha, mvuke wao lazima ugande mahali fulani. Hema la tabaka moja huugandisha juu ya uso wako, kisha matone yanaanza kudondoka kwenye begi la kulalia, na wewe unalaumu mvua ambayo haikunyesha. Kwa hiyo likishasimama, ingiza mkono kati ya tabaka la ndani na la nje, uuzungushe pande zote. Ukikwama popote, tabaka zinagusana, na hapo ndipo maji yatakapopita. Tazama pia kama lina tundu la hewa juu, lenye kifuniko cha kuzuia mvua.

Alfajiri moja Karanga, kwenye mita 4,000 hivi, nilifungua zipu nikapapasa tabaka la ndani. Lilikuwa kavu. La nje, upande ulioelekea kwetu, pumzi yetu ya usiku mzima ilikuwa imeganda nyeupe kama chumvi, na nilipoligonga kwa kidole ikadondoka yote barazani, mbali na magodoro.