Gunia la Pembeni

Ukitaka kumjua fundi wa mashine ya kuchambua mchele kwa rangi, usikimbilie mchele mweupe anaokuonyesha. Chota kiganja kutoka gunia la pembeni, lile la punje zilizokataliwa. La fundi hodari limejaa weusi, wekundu na manjano. La mbahatishaji lina mchele safi uliotupwa pamoja na taka.

Mpunga wa Dakawa, wa Kilombero au wa Kiroka, chini ya Uluguru, huja na mambo yake: mwingine umenyeshewa ukiwa kwenye lundo, mwingine umechanganyika na mpunga mwekundu uliojiotea shambani. Ukishakobolewa na kutenganishwa na chenga, hupandishwa juu ya mashine, hutikiswa hadi punje zijipange, kisha huteleza kwenye mifereji iliyoinama na kuanguka mbele ya taa na vihisi mwanga.

Hapo ndipo ninapoduwaa. Ng'ambo ya punje kuna kibao ambacho mwangaza wake umelinganishwa na wa mchele mzuri. Punje njema ikipita, kihisi ni kama hakijaona kitu, kibao kimeimeza. Yenye doa hujitokeza. Lakini hewa ya kompresa haipulizi papo hapo: tundu lake liko chini kidogo ya kihisi, hivyo mashine hungoja punje ilifikie, na kungoja kwenyewe ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Ungo hufanya kazi hiyo hiyo, ila kwa subira ya mama.

Mashine haiujui mchele. Fundi ndiye anayeiambia doa la kiasi gani ni doa, na kipimo kilichoifaa mbegu ya Supa jana huenda kisiifae mbegu ya SARO 5 leo. Akikaza mno, nafaka yenye kitumbo cheupe kidogo hutupwa. Akilegeza, mnunuzi atanuna. Basi hubadilisha kidogo, husubiri, huchota, hutandaza kwenye sinia jeusi. Vumbi likitanda kwenye kioo hulifuta kabla ya kugusa kipimo chochote. Wengi hufanya kinyume. (Harufu, bila shaka, mwanga hauijui, Supa ya kweli bado hutambuliwa kwa pua.)

Pumzi ile ya hewa haichagui vizuri. Ikipuliza punje mbaya, huondoka pia na jirani yake asiye na kosa. Ndiyo sababu zilizokataliwa hupandishwa tena na kupita mifereji iliyotengwa kwa ajili yao, na zinazokataliwa mara ya pili ndizo huuzwa kwa wafuga kuku.