Adabu ya Kutouliza: Uhakiki wa Mazungumzo ya Kila Siku katika Mji wa Goma

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuutazama mji kwa jicho la shaka. Katika riwaya nyingi zinazosomeshwa vyuoni, kuondoka nyumbani na kuharibikiwa ni mambo yanayokwenda pamoja. Rosa wa Euphrase Kezilahabi (Rosa Mistika, 1971) na Maimuna wa Said Ahmed Mohamed (Utengano, 1980) ni mifano inayofahamika na kila mwanafunzi: wote wawili wanatoka katika malezi ya ukali, na ulimwengu wa nje unawapokea kwa kuwameza. Baadhi ya wataalamu wa lugha nao huuona mji kuwa mahali ambapo Kiswahili huchanganywa na lugha nyingine hata kikapoteza sura yake. Makundi haya mawili yanakutana katika dhana moja, nayo ni kwamba mkusanyiko wa watu wa asili mbalimbali huleta hasara.

Makala haya yanakusudia kuipima dhana hiyo kwa kuchunguza mazungumzo ya kila siku katika mji wa Goma, makao makuu ya jimbo la Kivu ya Kaskazini, mashariki ya Kongo. Mazungumzo hayo tunayachukulia kuwa utanzu wa fasihi simulizi. Yana fanani na hadhira, yana kanuni zinazojulikana na pande zote mbili, na ufanisi wake hupimwa papo hapo. Hoja yetu ni kwamba wakazi wa Goma wamejenga kwa Kiswahili adabu maalumu ya kukutana na mtu wasiyemjua bila ya kumuuliza asili yake, na kwamba adabu hiyo ni sanaa inayostahili kuhakikiwa kama vile ngano au shairi.

2. Mji na watu wake

Goma uko kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Kivu, chini ya volkano ya Nyiragongo, na umepakana na mji wa Gisenyi nchini Rwanda kiasi kwamba mgeni aweza kudhani kuwa ni mji mmoja. Mpaka unaoitenganisha miji hii ni matokeo ya makubaliano ya wakoloni ya mwaka 1910. Wanaoishi Goma ni Wanande waliotoka Beni na Lubero, Wahunde wa Masisi, Wanyanga wa Walikale, Wakumu wa eneo la Nyiragongo, Wahutu na Watutsi wasemao Kinyarwanda, Wahavu na Washi kutoka pande za kusini ya ziwa, pamoja na Wakongo wa magharibi walioletwa na utumishi au biashara.

Maafa nayo yamekuwa yakiwapanga upya majirani. Volkano ililipuka mwaka 1977, kisha Januari 2002, ambapo lava ilipita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege; ikalipuka tena Mei 2021. Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma na viunga vyake katika muda wa siku chache tu, na kipindupindu kikaua maelfu miongoni mwao. Vita vya Masisi na Rutshuru vimeendelea kuwasukuma wanavijiji mjini mwaka hadi mwaka. Katika hali kama hiyo ni wachache wanaomchagua jirani. Mtu hujenga nyumba yake ya mbao juu ya jiwe jeusi la volkano pale alipopata kiwanja, na wa upande wa pili wa ukuta huwa ni yeyote yule aliyepata kiwanja cha pili.

Kifaransa ndiyo lugha ya ofisi na ya shule. Lingala, iliyokuwa lugha ya jeshi tangu enzi ya Wabelgiji, imeenea pia kwa njia ya muziki. Kiswahili, kimojawapo cha lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba ya 2006, ndicho kinachotawala soko, kituo cha magari na ua wa nyumba. Hata majina ya mitaa, mathalani Majengo na Mapendo, yanashuhudia kwamba mji huu ni sehemu ya ulimwengu mpana wa Kiswahili; Majengo, kwa mfano, utawakuta pia Mombasa na Nairobi. Jambo la kuzingatia ni kwamba Kiswahili hapa hakimilikiwi na kabila lolote. Wapo watoto wengi wa mjini wanaokijua kabla ya lugha nyingine yoyote, lakini hakuna mtu anayekitumia kama kielelezo cha ukoo wake.

3. Dai la umoja na mipaka yake

Kuna jibu ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tumelizoea mno, yaani kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja. Dai hili lilikuzwa na historia ya Tanzania, ambako baada ya uhuru wa 1961 lugha moja ilifungamanishwa na chama, shule za msingi na siasa ya kujenga taifa. Huko lina uzito wake. Linapohamishwa mpaka Goma bila ya kupimwa, halielezi kitu.

Mwaka 1993 mapigano yalipozuka Walikale na Masisi, wengi wa waliopigana waliweza kuzungumza Kiswahili pamoja. Hali ilikuwa hivyo hivyo katika vita vilivyofuata. Waasi wa M23 walipouteka mji Novemba 2012, na tena mwishoni mwa Januari 2025, Kiswahili kilisikika pande zote za mapambano. Lugha moja haikuzuia risasi. Anayetaka kukitetea Kiswahili cha Goma kwa hoja ya umoja atashindwa na ushahidi wa mwaka wowote atakaoutaja.

Swali lenye manufaa zaidi ni hili: je, lugha hii huwafanyia nini watu ambao hawakuungana, hawakuaminiana sana, na bado ni lazima wauziane makala na sombe kila asubuhi? Jibu litapatikana katika namna wanavyoamkiana, wanavyopatana bei, na wanavyoyakwepa baadhi ya maswali.

4. Maamkizi na undugu wa njiani

Msomaji wa pwani atagundua kwanza kitu kisichokuwapo. Shikamoo, ambayo nchini Tanzania hupambanua aliye juu na aliye chini kabla ya neno jingine kusemwa, haina nafasi katika mitaa ya Goma. Badala yake kuna "Jambo", na jibu lake huwa ni "Jambo" hilo hilo, pengine likiongezewa "sana". Katika miji mingi ya pwani neno hili limebaki kwa watalii. Hapa ni salamu hai. Uzuri wake ni kwamba wote wawili hutoa na kupokea neno moja. Hakuna anayeshuka ili mwingine apande.

Heshima huletwa na neno la pili, ambalo ni la kifamilia. Muuza mboga ni mama, hata kama mnunuzi amemzidi umri. Mwanamume mzima ni papa, mzee ni muzee, na aliyetangulia kidogo kwa umri ni yaya, neno ambalo kwa msomaji wa Dar es Salaam lina maana ya mlezi wa watoto lakini kwa mtu wa Goma ni kaka au dada mkubwa. Kiisimu tunaweza kusema kwamba maneno haya yamepoteza maana yake ya nasaba. Kwa mhakiki, ni sahihi zaidi kusema kwamba yameipindua. Katika mazingira ambamo nasaba ndiyo inayotafutwa na kila mwenye silaha, mtu hupewa nasaba ya muda, ya dakika tano, isiyoulizia baba yake alizaliwa wapi. "Mama" anayeuza sambaza si Mnande wala Mhunde hadi biashara itakapokwisha. Hata sambaza wenyewe ni wahamiaji, kwani samaki hao waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika karibu na mwisho wa miaka ya 1950.

5. Kupatana bei

Mapatano ya bei katika soko la Virunga au pale Kituku kandoni mwa ziwa yanafuata mpangilio ambao mwanafunzi wa fasihi simulizi ataufahamu. Kuna mwanzo, ambao ni salamu. Kuna bei ya kwanza, ambayo pande zote zinajua kuwa ni chambo. Kuna lalamiko la mnunuzi na kiapo cha muuzaji. Kuna kuondoka kwa kujifanya, na kuitwa tena. Kisha kuna nyongeza ndogo juu ya kopo, ambayo hufunga mchezo kwa wema. Fanani hodari hatumii nguvu. Silaha yake ni "mama" linalorudiwa kwa lahani tofauti, mara la kusihi, mara la kulaumu, mara la utani.

Mwalimu wa Kiswahili sanifu akiyasikia mazungumzo haya huenda akasahihisha mengi. Atasikia "batoto" badala ya watoto, "katoto" badala ya kitoto, na "iko" kwa maana ya ni. Atakuta pia kwamba katika sehemu nyingi za Kongo kuuza ni kununua, na anayetaka kusema kwamba anatoa bidhaa kwa fedha atasema anauzisha. Tofauti hii ya mwisho yaonyesha wazi ni nani hasa mwenye upungufu wa lugha pale sokoni. Mgeni mwenye Kiswahili cha kamusi asemaye "nauza" ataeleweka kwamba anataka kununua. Kanuni zipo, ni yeye asiyezijua.

Msamiati huu umebeba historia ya waliopita. Kiambishi ba- kinatukumbusha lugha za jirani, franga ni fedha iliyotoka katika Kifaransa, na lugha ya vijana iitwayo Yabacrâne inaendelea kuchota kutoka kote. Hakuna jamii iliyoombwa kuacha kila kitu mlangoni. Kila moja imeacha kitu, na kila moja imeingia na kitu.

6. Swali la asili

"Kuuliza si ujinga" ni methali iliyozoeleka kote kusemwako Kiswahili. Katika Goma kuna swali moja ambalo hekima yake ni kutoulizwa ovyo: "Wewe ni mutu wa wapi?" Mahali pengine swali hilo ni ukarimu. Mashariki ya Kongo limeandamana na sheria na bunduki. Sheria ya uraia ya 1981 iliwafanya Wakongo wengi wasemao Kinyarwanda watakiwe kuthibitisha asili ya mababu zao hadi karne ya kumi na tisa, na mijadala hiyo haikuzimwa na sheria mpya ya 2004. Kwenye kizuizi cha barabarani, jibu la swali hilo laweza kuwa suala la uhai.

Hapa ndipo ilipo sehemu ngumu zaidi ya sanaa tunayoihakiki. Lafudhi haifichiki. Msikilizaji wa Goma, kwa matamshi ya maneno machache tu, mara nyingi hukisia kama msemaji wake alikulia Butembo, Rutshuru au ng'ambo ya mpaka. Fanani mzuri ni yule anayesikia na kuendelea kana kwamba hakusikia. Huuliza habari za kazi, za barabara, za bei ya makala, za usalama wa jana. Maswali hayo yote yanahusu siku wanayoishi pamoja. Hayarudi nyuma kwa mababu. Kwenye mpaka wa Petite Barrière, ambako maelfu ya wachuuzi wamezoea kuvuka kwa miguu, wengi wakiwa wanawake, adabu hii hutumika na watu ambao magazeti ya nchi zao huwaita maadui.

Ni lazima, hata hivyo, tujihadhari na kuipamba. Kunyamaza kwa adabu ni jirani wa karibu wa kunyamaza kwa hofu, na mara nyingine msikilizaji wa nje hawezi kuvipambanua. Vilevile, Kiswahili kile kile kinachomwita mtu "yaya" asubuhi kinaweza kumuuliza kabila lake jioni. Sanaa haimlindi mtu. Inampa nafasi tu, na nafasi hiyo huvunjika. Lakini hakuna utanzu wa fasihi unaohukumiwa kwa kushindwa kusimamisha vita, na haitakuwa haki kuuanza mtindo huo kwa huu.

Sanamu ya rangi ya dhahabu iliyosimamishwa katika mzunguko wa barabara mjini Goma inalisema jambo hili kwa njia ya umbo. Inamwonyesha mtu na chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachoteremsha viazi, maharage na makala kutoka vijijini. Mji uliokuwa na sababu nyingi za kumtukuza shujaa wa upande mmoja ukamchagua mchukuzi asiye na jina wala kabila, anayetambulikana kwa kazi yake. Twaweza kuilaumu dhahabu hiyo, kwa kuwa mchukuzi halisi huvuja jasho kwa malipo madogo. Hata hivyo mantiki ya sanamu ni ile ile ya sokoni: mtu atambulikane kwa alichobeba.

7. Hitimisho

Kiswahili cha Kongo si kigeni katika taaluma. Vocabulaire ya André Yav, iliyoandikwa Lubumbashi mwaka 1965, ilichapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990, na michezo ya kundi la Mufwankolo imechunguzwa kwa makini. Lubumbashi imepata wahakiki wake. Goma umepata zaidi waandishi wa habari za vita na, katika miaka ya karibuni, wanaisimu wachache.

Kazi hii ina haraka yake. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Vitabu na walimu wa Kiswahili sanifu watazidi kuvuka mpaka, na ni vema wavuke. Lakini iwapo watafika wakiwa na kalamu nyekundu peke yake, watamfundisha mtoto wa Majengo kuwa lugha ya mama yake sokoni ni makosa, na pamoja na "batoto" na "iko" wataifuta adabu ambayo haijaandikwa popote. Mwanafunzi anayekwenda nyanjani Goma ashauriwe kurekodi salamu, mapatano na utani kwa uangalifu ule ule anaoutumia kwa ngano. Aidha, ashauriwe kulifuta swali la kabila katika hojaji yake, au aliache liwe la mwisho, baada ya kufunzwa na wenyeji jinsi ya kuishi bila ya jibu lake.