Haki ya Aliyekwisha Kupokewa: Uhakiki wa Utaratibu wa Sanduku la Pamoja la Leisnig (1523)

Makala haya yanakusudia kuhakiki maandishi mafupi ya mwaka 1523, yaani Utaratibu wa Sanduku la Pamoja wa usharika wa Leisnig katika Saksonia, pamoja na dibaji aliyoiandika Martin Luther. Wengi wetu tumeyasoma katika somo la historia ya Kanisa kama ushahidi kwamba Matengenezo ya Kanisa yaligusa pia matunzo ya maskini. Usomaji huo ni sahihi, lakini hautoshi. Kwa maoni yetu maandishi haya, hasa dibaji yake, yanashughulikia pia swali ambalo vitabu vya uongozi hulipita haraka: taasisi inapofungwa au kupunguzwa, watu waliomo ndani yake wana haki gani?

1. Sababu ya kuyasoma upya

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini agizo la kusimamisha misaada ya maendeleo kwa nchi za nje kwa muda wa siku 90 ili ichunguzwe. Siku chache baadaye mashirika yaliyoendesha miradi kwa fedha hizo yaliamriwa kusimamisha kazi. Tarehe 10 Machi mwaka huo huo Waziri wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika hilo lilikoma kusimamia misaada. Katika Afrika Mashariki huduma nyingi kwa wenye VVU zilitegemea mpango wa Marekani ulioanzishwa mwaka 2003, ujulikanao kama PEPFAR, na hospitali za makanisa zilikuwa miongoni mwa watoaji wa huduma hizo. Kwa hiyo barua za kusitisha mikataba ziliwafikia wauguzi, washauri nasaha, makarani wa takwimu na madereva, ambao wengi wao hawakuwa na kosa lolote kazini.

Halmashauri inapokutana katika hali hiyo, hoja mbili huwa tayari mezani. Ya kwanza yasema: tutazame lengo la shirika, tubakize wale tu ambao lengo haliwezi kutimizwa bila wao. Ya pili yasema: tugawane maumivu kwa usawa, kila idara ipunguze asilimia ile ile. Hoja zote mbili zina sura ya haki. Hata hivyo, ya kwanza humpima mtu kwa manufaa yake ya kesho na kusahau ahadi aliyopewa jana. Ya pili husahau kwamba sehemu ya kumi ya mshahara wa mkurugenzi si sawa na sehemu ya kumi ya mshahara wa mfagiaji. Tena, mgonjwa wa VVU akipewa nusu ya dawa zake, hapati nusu ya matibabu, bali hupata usugu wa dawa. Ni kwa sababu ya upungufu wa hoja hizi mbili kwamba tunarudi Leisnig.

2. Yaliyomo katika maandishi

Leisnig ni mji mdogo kando ya mto Mulde. Usharika wake uliamua kukusanya mali zote za kanisa mahali pamoja, zikiwamo mashamba, sadaka na akiba za vyama vya kidini, na kuzitumia kwa mahitaji ya wote. Waangalizi wa sanduku walikuwa 10, waliochaguliwa kila mwaka: wawili kutoka kwa makabaila, wawili kutoka baraza la mji, watatu kutoka kwa raia wa mjini na watatu kutoka kwa wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, na kila kundi kati ya hayo manne lilishika ufunguo wake. Waangalizi walitakiwa kukutana kila Jumapili, na usharika wote ulitakiwa kukusanyika mara tatu kwa mwaka kusikiliza mambo ya sanduku. Humo ndimo mlimotoka posho ya wachungaji, gharama za shule, matunzo ya yatima, wazee na wagonjwa, mikopo kwa mafundi waliofilisika, nafaka ya akiba na matengenezo ya majengo. Mapato yasipotosha, kila mwenye nyumba alipaswa kuchangia kwa kadiri ya uwezo wake.

Dibaji ya Luther yazungumzia jambo lililotangulia sanduku: nyumba za watawa zilizokuwa zikibaki tupu. Luther alijua kwamba mali hizo zingewavuta wenye tamaa, naye akaweka mpango. Watawa wanaotaka kubaki, kwa sababu ya uzee, ya tumbo au ya dhamiri, wasifukuzwe wala kutendewa kwa ukali, bali watunzwe mpaka mwisho wa maisha yao, tena vizuri kuliko zamani. Wanaotoka wapewe kitu cha kuwawezesha kuanza maisha mapya. Kinachosalia ndicho kiingie katika sanduku la pamoja, na warithi maskini wa waliotoa mali hizo wakumbukwe pia. Nyumba zenyewe zingekwisha polepole kwa kutopokea watu wapya.

3. Nguvu ya maandishi

Msomaji akumbuke mwandishi huyu alikuwa nani. Mwaka 1521 Luther alikuwa ameandika kitabu kizima kupinga nadhiri za kitawa. Hakuamini kwamba kazi ya watawa ilikuwa na faida kwa wokovu wa mtu yeyote. Kwa kipimo cha manufaa, hao wangekuwa wa kwanza kuondolewa. Lakini haki yao ya kutunzwa haikutegemezwa juu ya manufaa. Ilitegemezwa juu ya ukweli kwamba walikwisha kupokewa, wakati jamii nzima ilipoona kuwa ni sawa kuwapokea, na kwamba wengi wao hawakujifunza njia nyingine ya kujipatia riziki.

Hapa ndipo ilipo hoja kuu ya dibaji, nasi tunaiita haki ya aliyekwisha kupokewa. Hoja hii haisemi kwamba taasisi isifungwe. Yasema kwamba kufunga kuna mpangilio: kwanza acheni kupokea wapya, pili timizeni ahadi mlizokwisha kutoa, tatu msindikizeni anayeondoka, ndipo hesabu ya kilichosalia ifanywe. Mpangilio huu mara nyingi hugeuzwa. Hesabu hufanywa kwanza, na mtu hupewa kile ambacho hesabu imekisahau.

Nguvu ya pili ni kwamba hoja hii yawaunganisha watu ambao vikao vyetu huwagombanisha, yaani mfanyakazi na mhudumiwa. Tunaambiwa tuchague kati ya mshahara wa muuguzi na dawa ya mgonjwa. Maandishi haya hayaondoi uchaguzi huo, lakini yanatupa kipimo kimoja kwa wote wawili: ni nani amekwisha kupokewa, na kuachwa kwake kutamdhuru kiasi gani? Mgonjwa aliyeanzishwa dawa za kupunguza makali ya VVU ameahidiwa tiba ya maisha yote. Huyo ametangulia mbele ya semina, magari mapya na kituo kipya ambacho bado hakijafunguliwa. Muuguzi aliyeacha kazi ya serikali kwa sababu tulimwita, naye ametangulia mbele ya mtaalamu ambaye bado tunamtafuta kwa matangazo.

4. Udhaifu wa maandishi

Haitufai kuyasifu maandishi haya kupita kiasi. Tunaona udhaifu wa aina nne.

Kwanza, mambo yote yaliwekwa katika sanduku moja. Mchungaji, paa la kanisa na yatima walikula chungu kimoja, na chakula kinapopungua si rahisi kwa yatima kushinda. Johannes Bugenhagen aliiona hatari hiyo. Katika utaratibu alioutunga kwa mji wa Braunschweig mwaka 1528, alitenga sanduku la maskini na sanduku la gharama za Kanisa. Shirika ambalo fedha za dawa na fedha za ofisi zimo katika akaunti moja, bila mpaka ulioandikwa, limekwisha kuamua nani atakosa, ingawa halmashauri yake haijapiga kura.

Pili, maskini hawakushika ufunguo. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, na funguo nne ni bora kuliko mmoja. Ni jambo jema pia kwamba mchungaji, ambaye aliishi kwa posho ya sanduku, hakutajwa miongoni mwa makundi yenye funguo. Siku hizi mara nyingi anayeamua nani aondoke ndiye ambaye mshahara wake mwenyewe umo katika bajeti ile ile. Hata hivyo, makundi yale manne yalihesabiwa kwa hadhi na mali. Mjane alizungumziwa, yeye mwenyewe hakusemeshwa.

Tatu, mlango ulifungwa kwa mgeni. Ombaomba na watawa waombaji kutoka nje walikatazwa. Utaratibu uliwajali wageni waliohamia mjini kufanya kazi, lakini si mpita njia. Haki ya aliyekwisha kupokewa inaweza kugeuka kuwa kisingizio dhidi ya ambaye hajapokewa. Udhaifu huu umo ndani ya hoja yenyewe, na sharti ukiriwe: anayelinda ahadi za zamani humnyima mtu mpya. Tunachoweza kudai ni kwamba kunyimwa huko kutangazwe waziwazi na kuwekewa muda.

Nne, mpango wenyewe ulikwama. Baraza la mji lilisita kukabidhi mali, na Luther akalazimika kumwandikia Mtawala Friedrich wa Saksonia. Usharika uliahidi posho kutoka katika sanduku ambalo sehemu ya mali yake ilikuwa bado mikononi mwa wengine. Hapo ndipo mwaka 1523 unapofanana mno na mwaka 2025. Mashirika yetu yalikuwa na kufuli zake zote, na waangalizi wake, na wakaguzi wa hesabu. Lakini ufunguo mmoja, uliokuwa mkubwa kuliko yote, ulibaki ng'ambo. Waliotoa ahadi ya maisha kwa wagonjwa na ahadi ya kazi kwa wauguzi walitoa kitu ambacho hawakukimiliki.

5. Sheria na zaidi ya sheria

Huenda msomaji akauliza kama jambo hili halikwisha kushughulikiwa na sheria za kazi. Kwa sehemu, ndiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, ilimtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane juu ya njia za kuepuka upunguzaji na juu ya vigezo vya kuwateua watakaoondoka. Iliweka pia malipo ya kuachishwa kazi yasiyopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 iliweka siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka.

Hizo ni sakafu, wala si paa. Aliyetumika miaka 10, kwa hesabu ya siku 7, huondoka na mshahara wa siku 70. Dibaji ya Leisnig inatumia kipimo kingine: anayeondoka apewe kinachomwezesha kuanza. Shirika lililofilisika haliwezi kutimiza hilo kwa fedha. Laweza kulitimiza kwa sehemu kwa barua ya ushuhuda wa kazi iliyoandikwa kwa uangalifu, kwa kumtafutia nafasi katika hospitali nyingine, na kwa kumwambia ukweli mapema kabla hajakopa ada ya watoto kwa kutegemea mshahara ambao wakuu wake wanajua hautakuwapo.

6. Hitimisho

Tunaona kwamba maandishi ya Leisnig yanastahili kufundishwa katika masomo ya udiakonia na uongozi, mradi yasomwe pamoja na utaratibu wa Braunschweig na pamoja na habari ya kukwama kwake. Hayatupi orodha ya nani abaki na nani aondoke. Yanatupa maswali ambayo kila halmashauri yapaswa kuyajibu kwa maandishi wakati sanduku bado lina kitu. Ni ahadi zipi tumekwisha kuzitoa, na kwa nani? Ni zipi kati ya hizo zinategemea ufunguo tusioushika? Fedha za wahudumiwa zimetengwa na fedha zetu sisi wenyewe? Na ni nani anayeketi kikaoni akiwa hana mshahara wa kuulinda, bali dawa anayoihitaji asubuhi?

Halmashauri itakayosubiri mpaka barua ya mfadhili ifike ndipo ianze kuuliza, itajibu kwa haraka, na majibu ya haraka huwaangukia wale ambao majina yao hayajulikani ofisini.