Das Boot: Huruma Inayoishia Ndani ya Nyambizi

Filamu ya Das Boot (1981), iliyoongozwa na Wolfgang Petersen kutokana na riwaya ya Lothar-Günther Buchheim, inafunguka kwa hesabu: kati ya Wajerumani 40,000 waliohudumu katika nyambizi wakati wa Vita Kuu ya Pili, 30,000 hawakurudi. Waliozamishwa na nyambizi hizo hawahesabiwi.

Nguvu ya filamu ni ufinyu wake. Kamera inakimbia katika ujia mwembamba, mabaharia wanapokezana vitanda, na chombo kinapozama zaidi vyuma vinalia. Mtazamaji anaanza kuwaombea waibuke salama, akasahau walitumwa kufanya nini.

Onyesho moja linamkumbusha. Meli ya mafuta waliyoipiga inawaka usiku, na nahodha anaamini watu wake wameshaokolewa. Ghafla wanaonekana wakijirusha majini na kuogelea kuelekea nyambizi. Nahodha anaamuru chombo kirudi nyuma. Jürgen Prochnow anaibeba aibu hiyo usoni vizuri sana. Hata hivyo, aibu ni ya nahodha. Wanaokufa hawana jina wala neno. Tunawalilia kwa macho ya aliyewaacha.

Kisa cha kweli kilichoishia pwani ya Afrika Mashariki kinaonyesha kasoro hiyo. Machi 1944, nyambizi U-852 ya Heinz-Wilhelm Eck iliizamisha meli ya Kigiriki Peleus katika Atlantiki, kisha ikamimina risasi kwenye mabaki waliyoshikilia manusura. Mei, baada ya kushambuliwa na ndege za Uingereza, ilikwama pwani ya Somalia na mabaharia wake wakatekwa. Eck alijitetea kwamba mabaki yangeonwa na ndege na kukihatarisha chombo chake. Ukiwa ndani ya nyambizi, utetezi huo unaingia akilini. Lakini watu watatu wa Peleus walibaki hai, na ushahidi wao ukafika mahakamani Hamburg. Novemba 1945, Eck na maofisa wake wawili walipigwa risasi.

Katika makazi ya Nakivale, ambako Wakongo, Warundi na Wasomali ni majirani, vita husimuliwa na aliyekimbia. Hatuhitaji filamu itufundishe kwamba askari naye huogopa, hilo tunalijua. Das Boot inastahili kuonyeshwa hapo na Mbarara pia, kwa sharti kwamba baada yake tuzungumze juu ya wale waliokuwa majini.